Kibati Namba Kumi na Nne

Boti ilipoonekana kwa mbali, Mswaki alikuwa amekwisha kuosha nywele mara mbili na kubadili nguo mara tatu, na mwishowe akarudia fulana ile ile ya kijani aliyoanza nayo. Siku tisa alikuwa akiisubiri boti hiyo. Siku tisa za kuchezea chakula kwa kijiko, za kufanya kazi mwili uko hapa na akili iko hospitalini ng'ambo ya maji, za kuwauliza watu swali lile lile mpaka wakimwona anakuja wanajifanya wana haraka. Leo Dakika anarudi. Sasa ajizuie kwa lipi? Alitoka bwenini pekupeku, akakimbia gatini.

Jina la Mswaki, kwa asiyejua, alipewa wiki yake ya kwanza kisiwani. Kwao alikuwa msaidizi katika kliniki ya meno, kazi ya kushika taa na kuwaambia wagonjwa wasukutue, akachoka nayo, akaomba kwenda kujitolea miezi sita katika kituo cha kulinda bahari, nchi ya watu, kisiwa ambacho mama yake alikitafuta kwenye ramani akakikosa. Akafika akakabidhiwa nini? Mswaki. Maana pale kituoni vipande vya matumbawe vilivyovunjika viliokotwa, vikafungwa kwenye kamba na kuoteshwa upya chini ya maji kama miche ya kitaluni, na mwani ukivifunika vinakufa. Kwa hiyo kila siku ya Mungu lazima mtu ashuke na mswaki avisugue kimoja kimoja. Yeye alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama yake alipopigiwa simu hakucheka.

“Nimekusomesha usafishe meno ya watu,” alimwambia, “umevuka maji ukasafishe meno ya bahari. Tena bure.”

Na Dakika ndiye aliyekuwa kiongozi wa wapiga mbizi, mzaliwa wa kisiwa kile kile. Hakuwa na “baadaye kidogo” wala “sasa hivi” kinywani mwake. Yeye alikuwa na dakika nne, dakika tisa, dakika ishirini na moja. Ungemwuliza lini alianza kumpenda Mswaki angekutajia na saa, na kweli siku moja Mswaki alimwuliza, naye akamtajia. Tangu hapo wawili hao hawakufichika tena. Walikuwa wamekubaliana kila kitu. Miezi sita ikiisha, Mswaki angejaza fomu ya kuongezewa mwaka, Dakika angesaini kama kiongozi wake, na mwaka ukiisha wangekwenda pamoja kwa mama mtu, Dakika akiwa amevaa viatu kama binadamu. Fomu ilikuwa tayari, chini ya mto, imebakiza sahihi moja tu. Na miezi sita ilikuwa inakwisha kesho saa nane mchana. Bila sahihi ile, boti hiyo hiyo inayomleta Dakika leo ndiyo ambayo kesho ingemchukua Mswaki.

Mwanzoni mwa gati palikuwa na ubao uliopakwa rangi nyeupe, wenye misumari safu mbili. Safu moja iliandikwa Nchi Kavu, ya pili Majini. Kila mtu wa kituo alikuwa na kibati chake cha namba, na cha Mswaki kilikuwa kumi na nne. Ukishuka kuzamia, unakihamisha mwenyewe kwenda Majini. Ukitoka, unakirudisha mwenyewe Nchi Kavu, unamtajia mlinda ubao namba yako na kusema, “Nimetoka,” naye hakuachii mpaka amekutazama usoni na kukujibu, “Nimekuona.” Kisha anaandika saa kwenye daftari. Hakuna wa kukurudishia, hata awe mpenzi wako.

Mlinda ubao alikuwa dada mkubwa wa Dakika. Mwanamke wa maneno machache, aliyemlea mdogo wake tangu wazazi wao walipofariki, na ambaye tangu mwanzo hakumtaka Mswaki wala hakumficha. Alimwambia ana kwa ana kwamba watu wa miezi sita ni watu wa miezi sita, na kwamba mdogo wake si kitu cha kupiga nacho picha ukaenda zako.

Dakika alishuka wa mwisho. Dada alimshika mkono huu, nahodha mkono ule, na hata walipofika juu ya gati aliendelea kutanua miguu kama mtu ambaye bado yuko kwenye mawimbi. Alikonda. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa pamba. Aliwasalimia wapishi, akamsalimia mkuu wa kituo, akatania na fundi wa injini. Kisha akamfikia Mswaki.

“Hujambo, Mswaki?” alisema.

Alivyosema ni kama mtu anavyomsalimia jirani wa nyumba ya nne. Mswaki alijibu hajambo, akampa pole, akaanza kumpa pole ya pili, lakini Dakika alikuwa amekwisha kushukuru na kupita. Mikono ya Mswaki ilikuwa imeinuka tayari kwa kukumbatia, ikakosa wa kumkumbatia. Akaitumia kutengeneza nywele.

Akajipa visingizio vyote alivyoweza kuvipata. Amechoka huyu. Ana kizunguzungu. Watu ni wengi, na dada mtu yuko hapo amemkazia macho. Wacha apumzike. Alipumzishwa mpaka saa kumi alasiri, na zaidi ya hapo Mswaki asingeweza hata angefungwa kamba.

Alimkuta stoo ya mitungi ya hewa, amekaa juu ya kreti, vazi lake la kuzamia limelala magotini. Alikuwa akikwangua namba yake, tatu, kifuani mwa lile vazi kwa kisu, taratibu, chenga za rangi zikimdondokea miguuni. Mswaki alisimama karibu naye akamwita. Dakika hakugeuka. Akamwita tena. Kivuli chake ndicho kilichomshtua.

“Hamia upande huu,” alisema, akionyesha kulia kwake. “Huo mwingine haupokei wageni. Sikio limekufa.”

Mswaki akahamia, akakaa sakafuni. Dakika akamweleza kama anayesoma taarifa. Mapovu ya hewa yalimwingia kwenye damu kwa kupanda juu haraka, yakaharibu ndani ya sikio, na ndiyo maana miguu yake haikubaliani na ardhi. Kutembea atazoea. Kuzamia, daktari amesema, ni basi. Si mwaka huu wala mwaka kesho. Vazi atapewa mwingine.

Mswaki alilia bila kujificha. Aliposhika tena sauti yake alisema mengi, mengine hata hayakuwa na mpango: kwamba kazi ya nchi kavu ni kazi vilevile, kwamba yeye atakuwa akishuka kwa niaba yake na kurudi kumsimulia kila kipande cha tumbawe kimoja kimoja, mpaka aombe msamaha. Kisha akajipapasa mfukoni, akatoa ile fomu iliyokunjwa na kalamu ndani yake.

“Basi niokoe mimi,” alisema. “Kesho ndiyo hiyo.”

Dakika aliisoma yote, kana kwamba hakuwa yeye aliyemsaidia kuijaza. Akaikunja vile vile ilivyokuwa, akaiweka kando yake juu ya kreti.

“Sitasaini.”

“Kalamu haina wino?”

“Inao.”

“Sasa?”

“Nimebadili mawazo. Nenda kwenu. Mama yako anakuhitaji.”

Mswaki alimkodolea macho. Mama yake, yule aliyemkatia Dakika simu mara mbili, leo amekuwa hoja? Akakumbuka asubuhi ya siku ile ya ajali. Mama alikuwa amepiga simu akitaka neno moja: ama huyo kijana aje aonekane uso mwezi huu, ama binti arudi. Dakika akasema mwezi huu maji yana joto, matumbawe yanaweza kufa, haondoki. Mswaki akamwambia anapenda mawe kuliko watu. Wakaachana hapo, kila mtu na pua yake juu, na mchana wake ndipo Dakika alipoumia. Alikuwa amefuata kipimo cha joto kilichoangukia ukingoni, kule bahari inapokatika ghafla na kuwa kiza. Ndivyo daftari la gati lilivyosema, na ndivyo Mswaki alivyoambiwa.

“Kama ni yale maneno ya asubuhi,” alisema, “nilikwisha kuyajutia kabla hata hujapanda boti. Sikuwa na maana ile.”

“Si maneno.”

“Ni nini, basi? Niambie kitu ninachoweza kukirekebisha.”

Dakika alirudi kwenye kukwangua.

“Ni dada yako,” Mswaki alisema. “Siku tisa amekaa na wewe huko, ameshinda.”

Sasa huyu Dakika, mtu ambaye hakuwahi kudanganya hata nusu saa, aliinamisha kichwa akaacha uongo upite. “Dada ana haki ya kusema lake,” alijibu.

Mswaki alitoka stoo damu inamchemka. Alimkuta dada mtu mbele ya ubao akifuta chumvi kwenye vibati kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine, kama afanyavyo kila jioni. Akamshushia yote. Kwamba amefurahi sasa. Kwamba alimwonea tangu siku ya kwanza kwa sababu tu ametoka ng'ambo. Kwamba mtu mzima mwenye akili zake hamtenganishi mdogo wake na furaha wakati hana kingine kilichobaki. Dada alisikiliza huku akifuta. Alipofika kibati namba kumi na nne akakiacha.

“Umemaliza?”



Dada akachukua daftari, akafungua ukurasa wa siku ile, akamgeuzia. “Soma.”

“Namba tatu ameshuka kufuata kipimo.”

“Mwandiko wa nani?”

“Wako, Dada.”

“Wangu. Na katika miaka kumi na moja ndio uongo wangu wa kwanza kwenye daftari hili.” Akalifunga. “Sasa niambie, mdogo wangu. Siku ile wewe ulitokea wapi majini?”

Mswaki akafungua mdomo ajibu kwamba ametokea kama kawaida, na mdomo ukabaki wazi. Kwa sababu hakutokea kama kawaida. Alimaliza kusugua, akaibuka na wenzake, akaanza kuogelea nyuma ya mwenzake kuelekea gatini. Halafu akamwona Dakika amesimama juu ya ngazi, mikono kiunoni, akiwangoja. Hasira za asubuhi zilikuwa bado za moto. Akasema moyoni, nisikupe uso mimi. Akapinda, akatokea pembeni kwenye mawe, akapita nyuma ya jiko mpaka bwenini. Akaoga, akafua. Akiwa bafuni akasikia kengele, ile ile inayowaitia chakula, akasema kuleni wenyewe. Kuna mwanafunzi mmoja alichungulia, akamwona, akaondoka mbio bila neno. Mswaki akamwona hana adabu.

Aliutazama ubao.

“Kibati changu,” alisema.

“Kilikuwa hapa.” Dada aligusa msumari katika safu ya Majini. “Watu wote wametoka, hiki kimebaki. Mwenzako anasema ulikuwa nyuma yake. Tunatazama nyuma, maji matupu. Nikagonga kengele, nikamtuma yule mwanafunzi bwenini, nikamwambia mdogo wangu asubiri dakika tano. Tano tu. Yule mtu wa saa akanijibu hakuna muda. Alikuwa amekwisha kushuka mara mbili asubuhi ile na wageni, damu bado imejaa hewa, hakupaswa hata kulowesha mguu. Akashuka. Akapanda, akashuka tena. Mara ya tatu akaenda mpaka ukingoni, kwa sababu mkondo ungekuchukua ukakupeleka huko.”

Dada akakunja kitambaa chake.

“Mwanafunzi akarudi anasema yupo, anafua. Tukagonga chuma kwenye ngazi, ishara ya kumwita apande. Tulimwita kwa furaha sisi. Yeye kule chini akadhani tumekuokota umekufa. Akapanda mbio.”

Mswaki alikaa chini pale pale, mgongo kwenye nguzo ya ubao.

Yaliyobaki dada aliyasema bila kupandisha sauti. Kwamba sheria ya kituo ni moja, anayeacha kibati Majini anaondoshwa siku hiyo hiyo, na barua inapelekwa vituo vyote vya aina hiyo ili asipokelewe tena popote. Kwamba Dakika, amelazwa sakafuni mwa boti, damu zinamtoka puani, alimshika nguo dada yake akamwambia aandike kwamba alifuata kipimo, na mwanafunzi na mwenzake Mswaki wakaapishwa wasiseme. Kwamba mkuu wa kituo hajui mpaka leo.

“Na hakuna neno nililomwambia kukuhusu huko hospitali,” alisema. “Sikukupenda, sikufichi. Lakini kila siku nilikuwa nikipigiwa simu na wewe, unauliza amekula, amelala, na naona kabisa kwamba hujui. Hayo ndiyo yaliyonichosha kuliko kuuguza.”

Mswaki alinyanyuka kwa kushika ubao. Aliporudi stoo, jua lilikuwa limefika mlangoni na Dakika alikuwa pale pale, namba yote imekwisha kwanguliwa, bado anapitisha kisu mahali pasipo na kitu. Safari hii Mswaki alikwenda upande wa kulia moja kwa moja.

“Niliisikia kengele,” alisema.

Kisu kikasimama.

“Niliisikia, nikasema kuleni wenyewe. Nilikuona umesimama gatini, nikakukwepa makusudi. Hukufuata kipimo. Ulinifuata mimi.”

“Nilimwambia asiseme.”

“Umelipoteza sikio na bahari nzima kwa sababu mimi nilinuna. Halafu unanificha? Ulitaka niishi na wewe mwaka mzima, miaka, sijui nilichokufanyia?”

“Ndiyo maana nikasema uende.”

“Nitukane basi. Una hasira na mimi, nitukane iishe.”

“Sina hasira.” Aliweka kisu chini. “Hasira ningejua pa kuipeleka. Nilikaa hospitalini nikaitafuta, sikuiona. Mtu kusahau kibati, wamesahau wengi. Hata mimi nilipokuwa mpya nilisahau, dada akanipiga kofi.”

Walikaribia kucheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika.

“Basi ni nini kinachokufanya usinitazame?” Mswaki aliuliza. “Tangu uliposhuka kwenye boti hujanitazama.”

Dakika alichukua muda mrefu. Kwa mara ya kwanza Mswaki hakujua ni dakika ngapi.

“Nilipopanda juu,” alisema, “nilikuwa nimekwisha kukuzika. Ukingoni pale nilikuwa nimekuita mpaka kinywa kikajaa maji. Nikasema kama hayupo, na mimi sirudi. Nikavutwa kwenye gati, kichwa kinapasuka, dunia inazunguka, upande mmoja sisikii. Nikaambiwa, mshukuru Mungu, yuko bwenini anafua nguo.”

Akalitoa vazi magotini, akaliweka kando.

“Sikufurahi, Mswaki.”

Nje mtu alipita na ndoo tupu, ikasikika mpaka mbali.

“Kwa kitambo kidogo tu, lakini nakijua, nilikuwepo. Nilitamani ungekuwa kule chini. Ili niwe nimeumia kwa sababu. Halafu ukaja unakimbia, nywele zimelowa, zinanukia sabuni, ukanishika mkono. Nikageuza uso. Ulidhani ni maumivu.”

Mswaki alikuwa amedhani ni maumivu. Siku tisa alikuwa akilala na ule uso uliogeuka, akiuonea huruma.

“Kitu hicho kitapita,” alisema. “Watu huwaza vitu vibaya wakiwa na maumivu. Mimi nakusamehe hicho, wewe unanisamehe kibati.”

“Nimekusamehe zamani. Mimi ndiye sijui nijifanyeje. Asubuhi utashuka majini, nitakaa juu nikikungoja, na kila ukichelewa nitaanza kujiuliza nangoja nini.”

“Sitashuka. Nitakaa nchi kavu na wewe. Nitapika, nitafuta vibati.”

“Utakaa kwa kulipa. Nami nitakuwa nakuangalia ukilipa, kila siku, mpaka tuchukiane. Sitaki tufike huko. Heri unione huyu wa leo.”

“Hunipendi tena?”

Dakika alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye boti. Macho yale yale, ambayo chini ya maji, kwenye kioo cha miwani, yalikuwa yakimchekesha mpaka anameza maji ya chumvi. Yalikuwa yamejaa.

“Lingekuwa hilo limekwisha ningesaini bila wasiwasi,” alisema. “Ungebaki, tungesalimiana asubuhi, kila mtu na kazi yake.”

Akachukua fomu kutoka juu ya kreti, akasaini. Saini yake ndefu, na chini yake saa na dakika, kama kawaida yake. Akampa.

“Sitakufukuza. Amua mwenyewe.”

Mswaki aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameisubiri karatasi ile miezi, na sasa alikuwa nayo, kamili, haina kilichopungua. Aliitazama mpaka maandishi yakachanganyika. Kisha akamwomba kitu kimoja, amshike mkono. Dakika akamshika. Walikaa hivyo mpaka mwanga ulipotoka mlangoni, bila mmoja wao kusema tena neno la maana.

Asubuhi alimpigia mama yake. Alisema tu anakuja na boti ya mchana. Alitarajia shangwe, maana mama alikuwa ameshinda vita yake.

“Na huyo kijana hajambo?” mama akauliza.

“Hajambo, Mama.”

“Haya. Njoo, mwanangu. Nitakusubiri mwenyewe.” Wala hakumwuliza zaidi, na huo ndio wema mkubwa aliopata kumfanyia.

Akapanga begi. Akashuka mara ya mwisho kitaluni kuwaonyesha wageni wapya namna ya kusugua bila kuvunja ncha, akapanda, akarudisha kibati chake mwenyewe, akaonwa, akaandikwa. Baada ya hapo alikwenda ofisini kwa mkuu wa kituo. Akafunga mlango, akamweleza habari ya kibati tangu mwanzo hadi mwisho, ya kwake yote, na kumwomba lile neno “kipimo” kwenye daftari lifutwe liandikwe la kweli, ila dada asiadhibiwe. Mkuu alisikiliza ameshika kidevu. Akamkumbusha juu ya barua, kwamba hataweza kuizuia. Mswaki akasema anajua. Alikuwa amekwisha kuichana fomu, na vipande alivitia kwenye kapu la mkuu mwenyewe.

Saa nane kasoro alifika gatini na begi begani. Kwenye kiti cha mlinda ubao hakukaa dada. Alikaa Dakika, daftari mapajani. Ndiyo kazi waliyompa, kazi ya mtu asiyeshuka tena. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, na Mswaki alipompita alimvuta kifuani akamkumbatia kwa nguvu, ghafla, kisha akamwachia na kugeukia bahari.

Anayeondoka moja kwa moja, kibati chake hutolewa msumarini kikarudishwa kwa mlinda ubao, namba apewe atakayekuja. Mswaki alikitoa. Mkononi kilikuwa chepesi mno. Akazunguka nyuma ya kiti, akasimama upande wa kulia.

“Kumi na nne,” alisema. “Nimetoka.”

Dakika alikuwa ameinamia daftari. Kalamu ilikuwa imegusa karatasi, haiandiki. Nahodha akapiga honi. Abiria walikwisha kukaa. Mswaki hakusogea. Angeweza kushuka tu, nani angemzuia? Lakini alisimama pale na kibati kiganjani, kwa sababu siku moja aliondoka bila kungoja neno hilo, na leo asingeondoka bila hilo hata boti imwache.

Honi ya pili.

Dakika akainua uso. Alimtazama vile sheria inavyotaka mlinda ubao amtazame mtu, usoni kabisa, bila kukwepa, kuanzia nywele mpaka kidevu na kurudi machoni.

“Nimekuona,” alisema.

Akapokea kibati. Akatazama saa ya mkononi, akaandika: kumi na nne, saa nane na dakika sita. Akaurudia mwandiko ule kwa kalamu mara ya pili, juu ya ule ule, ingawa ulikuwa unasomeka.

Mswaki akashuka ngazi, akapewa mkono na nahodha, akakaa nyuma kabisa akiitazama gati. Boti ikageuka. Alimwona Dakika amebaki kitini, daftari limefungwa, na ubaoni, katika safu ya Majini, misumari yote mitupu. Wote walikuwa wametoka salama. Safari hii hakuna aliyemtafuta.